Nilipe Nione Bahari Yangu?

Kenya ina pwani ya zaidi ya kilomita 500. Ina bandari inayolisha Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Ina watu waliojua majira ya kusi na kaskazi kabla jina Kenya halijabuniwa. Lakini haina jumba hata moja la bahari ambalo mtoto wa Likoni anaweza kuingia bure Jumanne ya kawaida, akatazama chombo kama alichounda babu yake, kisha akageuka akamwona changu akiogelea nyuma ya kioo. Hatuna. Na kila nikiuliza kwa nini hatuna, naambiwa pesa. Mimi nasema pesa ni kisingizio. Sababu yenyewe ni kwamba, kwa wanaotupangia mambo, bahari ni bidhaa ya kumuuzia mgeni, na mwenyeji ni wa kumbebea mgeni mizigo.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba hatuna makumbusho wala kwamba hatuna cha kuonyesha. Fort Jesus ipo, na ni mali. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati. UNESCO imeiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Chini yake, majini, imelala manowari ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980 wazamiaji na wanaakiolojia walishuka hadi kwenye mabaki yake wakatoa maelfu ya vitu: kauri, vyungu, silaha, vifaa vya mabaharia. Vingi vimehifadhiwa humo humo ngomeni. Mbao zenyewe zilipimwa, zikachorwa, kisha zikafunikwa tena palepale chini. Miji mingapi duniani ina meli ya miaka mia tatu na ushei iliyolala karibu hivyo na ukuta wake, hata mtu akiita kutoka juu atasikika majini?

Mali tunayo, basi. Swali langu ni nani anayeiona.

Piga hesabu ya mzazi. Mama ana watoto wanne, anakaa Mtongwe. Tiketi ya Mkenya ni nafuu kuliko ya mgeni, na tunaambiwa tushukuru. Haya, tumeshukuru. Weka tiketi za watu watano. Weka matatu ya kwenda na kurudi. Weka maji ya kunywa, maana jua la Mombasa halina huruma, na yule mdogo lazima atataka mabuyu. Jumla yake ni unga wa siku mbili, tatu. Mama gani mwenye akili zake timamu atauza chakula cha watoto akanunue kuangalia kauri? Hatakwenda. Watoto wakibahatika watapelekwa na shule mara moja, wakiwa darasa la sita, mstari wa watoto themanini, mwalimu nyuma anapiga makofi: songeni, songeni, basi linangoja. Wataona mzinga. Watapigwa picha juu ya mzinga. Basi, wamemaliza makumbusho mpaka kufa.

Watu wengi hawalioni jambo hili wanapobishana kuhusu kiingilio. Wanadhani tiketi inamzuia maskini tu. Tiketi inafanya baya zaidi: inageuza kuingia kuwa tukio. Ukishalipa, unataka kuona vyote siku moja ili pesa isiende bure, na ukitoka unahisi umemaliza. Mlango wa bure unafanya kinyume. Unaingia dakika kumi, unaangalia kitu kimoja, unatoka kwenda sokoni, kesho unarudi. Mtoto hajengwi na ziara moja. Anajengwa na kurudi. Ni kwa kurudi ndipo anapoacha kushangaa na kuanza kuuliza: kwa nini mkunga ana meno hivi? Kwa nini chombo hiki hakina msumari? Nani alikishona?

Niliwahi kusimama nje ya jumba moja la makumbusho katika pwani yetu, jina naliacha, nikiwa na mzee mmoja fundi wa majahazi. Ameunda vyombo tangu ujana wake. Anajua mbao ya kukata kwa mkuku na mbao ya kukata kwa mataruma, na anajua ni wakati gani wa mwezi wa kukata. Nilimwambia, "Mzee, twende ndani, kuna zana za mafundi wa zamani." Akatazama ubao wa bei. Nikamwambia nitamlipia. Akakataa, na si kwa hasira. Akasema, "Mwanangu, nilipe nikaone tezo na keekee, na tezo na keekee ninazo uvunguni mwa kitanda?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini nimelitafakari neno lake sana. Mtu yule ndiye makumbusho yenyewe. Katika nchi yenye adabu angelipwa kila siku akae ndani, mbele ya watoto, na chombo nusu kikiwa kinaundwa. Badala yake tumemsimamisha mlangoni kama mtalii wa nyumba yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeipindua: mgeni njoo, mwenyeji akae nje.

Kuna wanaonijibu haraka haraka: "Wewe unalilia tangi la samaki, na bahari yenyewe iko pale bure! Nenda kaogelee."

Nakuomba, ewe unayesema hivyo, ushuke pwani siku moja uniambie unapitia wapi. Kuanzia Nyali kupanda kaskazini, na kusini ukipita Diani, ufuo umezibwa na kuta za hoteli na majumba ya matajiri. Njia za umma zimekuwa vichochoro, nyingine zimemezwa kabisa. Siku za sikukuu utawaona watu maelfu wamejazana katika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, bega kwa bega, kwa kuwa ndiko wanakojua hawatafukuzwa. Na hata ukifika majini, unachokiona ni uso wa maji. Ili uone matumbawe unahitaji boti, miwani ya kuzamia, mtu wa kukuongoza, na kiingilio cha hifadhi. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi za taifa za baharini tangu 1968, miongoni mwa za mwanzo katika bara hili. Uliza vijana wa Malindi wangapi wametia kichwa majini wakaona kinachohifadhiwa.

Ukweli ni mchungu: sisi watu wa pwani tunawajua samaki wakishakufa. Changu tunamjua kwa ukwaju. Pono tunamjua akiwa kwenye karai. Pweza tunamjua kavu, ananing'inia. Jongoo bahari hatumli, kwa hiyo hatumjui kabisa, ingawa anavuliwa na kusafirishwa mpaka Asia. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto la El Niño, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Lilikuwa janga kubwa kuliko moto wa msitu, na watu wengi waliokuwa wakiishi hatua chache kutoka pale hawakuona chochote. Uso wa maji ulikuwa buluu vilevile. Utalilia vipi kitu ambacho hujawahi kukiona kikiwa hai?

Ndiyo maana nang'ang'ania tangi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, walisema wazee, wakimcheka chungu. Mimi simcheki. Mpe mtoto maji ya kifuu kwanza, ayazoee, ayapende, halafu umwonyeshe bahari. Na tangi si lazima liwe jumba la kioo la mabilioni kama ya Dubai. Sitaki pomboo wafungwe, sitaki papa azungushwe kama mfungwa uani. Nataka matangi machache, makubwa kiasi, yenye maji yanayovutwa kutoka baharini, hatua chache tu: moja la matumbawe, moja la nyasi bahari, moja la mizizi ya mikoko na kaa wake. Samaki wa hapa hapa, tafi, puju, bunju, mkunga, chewa mdogo. Majina yao yaandikwe kwa Kiswahili, na pale Lamu na Vanga wanapotofautiana kuhusu jina, yaandikwe yote mawili watu wabishane. Wanasayansi wa bahari tunao, Mombasa kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi. Ujuzi haujakosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: hii ifanywe kwa ajili ya watu wa hapa.

Sasa niseme nilikoona. Mwaka 2019 nilipata safari ya kikazi Liverpool, Uingereza. Liverpool ni mji wa bandari kama wetu, wenye mvua badala ya jua. Gatini pake, ndani ya ghala la zamani la Albert Dock, bandari iliyofunguliwa mwaka 1846, kuna jumba la makumbusho ya bahari. Niliingia nikiwa nimeshika pochi mkononi, namtafuta karani. Hakukuwa na karani. Kulikuwa na sanduku la michango, na mtu aliyesema karibu. Ghorofa ya juu kulikuwa na makumbusho ya utumwa, yaliyofunguliwa mwaka 2007, na hayo pia yalikuwa bure. Kesho yake nikaenda jumba jingine la mji huohuo, World Museum, ambalo ndani yake kuna akwariamu. Si kubwa. Mama mmoja aliingia na mtoto kwenye kigari, wote wawili wamelowa, wakasimama mbele ya kioo kama dakika kumi na tano, mtoto anapiga kelele kila samaki akigeuka, kisha mama akafunga zipu ya koti lake akatoka. Hakulipa kitu. Alikuwa amekimbia mvua tu. Lakini mtoto yule kaona samaki wa miamba ya bahari za joto, yeye aliyezaliwa kwenye baridi, na mtoto wa Likoni hajawaona.

Najua utakachosema. Wale wana pesa. Sawa, na pesa zilitoka wapi? Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye kuta zao wenyewe, ghorofa ile ya juu: meli za Liverpool zilibeba Waafrika wapatao milioni 1.5 kuwapeleka utumwani kabla Uingereza haijapiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Kwa hiyo siwasifu kwa ukarimu. Nasema jambo jingine. Hata wao, pamoja na utajiri wote huo, kuna wakati makumbusho mengi ya taifa yalikuwa yakitoza. Bure haikushuka kutoka mbinguni. Watu walibishana, wakaandika, wakasumbua wabunge, mpaka Desemba 1, 2001 kiingilio kikafutwa katika makumbusho ya taifa. Ulikuwa uamuzi wa siasa. Na katika miaka kumi iliyofuata, idadi ya walioingia katika majumba yale yaliyokuwa yakitoza iliongezeka zaidi ya maradufu.

Ni haki pia niseme upande wa pili, maana wapo waliousema huko huko: sehemu kubwa ya ongezeko lile ilikuwa watu walewale wenye elimu na nafasi, wakienda mara nyingi zaidi. Mlango wa bure peke yake haumvuti aliyefundishwa kwamba mahali pale si pake. Hilo nalikubali, na kwetu lina uzito mara mbili. Ukifuta tiketi ukaacha maandishi yote kwa Kiingereza cha profesa, ukafungua saa za kazi pekee, ukamweka mlinzi anayewatazama vijana wenye kandambili kama wezi, umefanya mchezo. Bure ni mwanzo tu. Lakini bila mwanzo huo, hayo mengine ni hotuba.

Halafu kuna ile hoja ya wazungumzaji wa mahotelini: "Cha bure hakithaminiwi." Wallahi hoja hii inanichekesha, hasa ikitoka mdomoni mwa mtu wa pwani. Yakhe, ulisomea wapi? Chuo ulichosomea msahafu, nani alikijenga? Kisima ulichochotea maji utotoni, ulikuwa ukilipa? Ukipita kwenye msikiti wa Mji wa Kale na koo limekauka, maji ya mtungi ule pale nje yana bei? Sisi ndio watu wa wakfu. Sisi ndio watu wa sabili. Kwa mamia ya miaka, mtu wa pwani akipata mali, alitenga nyumba, au shamba la minazi, kodi yake ikatunza msikiti na kisima, na yeyote anayepita akanywa bila kuulizwa kabila wala mfuko. Hakuna aliyetema mate kisimani kwa kuwa kilikuwa cha bure. Tulikiheshimu kwa kuwa kilikuwa chetu. Kwa hiyo nikisema jumba la bahari liwe bure sileti mtindo wa Uingereza. Nadai tulichokuwa nacho. Nadai sabili ya bahari.

Na wanaodhani makumbusho ni mahali pa kuwekea vitu vilivyokufa, wakumbuke kisa cha silikanti. Wataalamu wa dunia nzima walikuwa wanaamini samaki huyo alitoweka pamoja na madinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938, katika mji mdogo wa bandari wa East London, Afrika Kusini, msimamizi wa makumbusho ya mji, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa gatini kutazama samaki waliovuliwa. Aliitwa kwa sababu alikuwa amejenga urafiki na wavuvi: wakipata kitu cha ajabu, wanampigia simu. Katika rundo lile akaona pezi la rangi ya buluu. Ndiye silikanti. Jina la kisayansi la samaki yule, Latimeria, linatokana na lake. Samaki wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombessa. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wamekuwa wakinaswa Tanga, hata Tanzania ikatenga hifadhi kwa ajili yao. Na mwaka 2001 mmoja alinaswa Malindi. Malindi yetu hii.

Somo lake ni hili. Ugunduzi mkubwa wa samaki wa karne nzima haukutoka kwenye chuo kikuu kikubwa. Ulitoka kwenye makumbusho madogo ambayo mvuvi hakuogopa kuyapigia simu. Sasa jiulize, mvuvi wa Vanga au wa Kipini akivuta jarife akakuta kiumbe asichowahi kukiona, atampigia nani? Atamkata vipande amuuze kabla hajaoza. Wala hana kosa. Jumba ambalo hajawahi kulikanyaga, atalidaije kuwa lake siku hiyo moja?

Turudi kwenye pesa, nisije nikaambiwa nimezikimbia. Novemba 2018 serikali yetu iliandaa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu uchumi wa buluu. Ulifanyika Nairobi, mjini kusiko na bahari. Wageni walikuja kwa maelfu. Tangu hapo neno "buluu" halijatoka midomoni mwa viongozi: uchumi wa buluu, ajira za buluu, fursa za buluu. Haya, bandari ya Mombasa hupitisha shehena ya zaidi ya tani milioni 30 kwa mwaka, na makontena zaidi ya milioni moja kwa kipimo cha futi 20. Kila kontena likitoa shilingi hamsini tu, bei ya soda, hiyo ni milioni hamsini kila mwaka. Shilingi hamsini kwenye kontena la mamilioni ya pesa! Mwenye mzigo hata hataiona. Wekeni fedha hiyo kama wakfu wa bahari, isiguswe kwa posho wala semina, ilipe mishahara ya watunzaji, maji ya matangi, umeme wa pampu, na mafundi wa vyombo. Bandari ni ya serikali. Makumbusho ya taifa ni ya serikali. Mkono wa kulia unashindwa vipi kuupa mkono wa kushoto?

Na jumba hilo lisije likawa la kujisifu. Likae karibu na Bandari ya Kale, ambako majahazi machache yaliyobaki bado yanatia nanga. Lionyeshe mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba ya nazi kikasafiri kwa tanga la mkeka. Lionyeshe dema na jarife, ngalawa na dau, na wanawake wanaoshika pweza maji yakitoka, ambao picha za watalii huwasahau. Lakini lionyeshe pia aibu yetu. Si Wazungu peke yao waliobeba watu. Majahazi yalibeba watumwa katika bahari hii hii, na yaliyokuwa na nahodha wa hapa yalikuwepo. Frere Town, pale Kisauni, ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya walioachiwa huru, na wajukuu wao wako, wanapanda matatu na sisi. Kama Liverpool waliweza kuyaandika yao ukutani na kuacha mlango wazi, sisi tunaogopa nini?

Najua vilevile kwamba mara moja moja, sikukuu fulani ikifika, hutangazwa kwamba leo wananchi wataingia bure. Siku hiyo foleni huwa ndefu, na kesho yake wakubwa husema, mnaona, watu wanapenda utamaduni. Ndiyo, wanaupenda. Foleni ile ni hesabu ya waliozuiwa siku nyingine zote. Mtu akifunguliwa bomba mara moja kwa mwaka akaja na ndoo kumi, usimsifu kwa kupenda maji. Jiulize kwa nini unalifunga.

Wanaosimamia makumbusho, na wanaosimamia bandari, na waheshimiwa wetu wa kaunti na wa bunge wanaokuja kuomba kura wamevaa kikoi na kofia ya vito, nawaulizeni hadharani. Nani kati yenu atapeleka mswada wa shilingi hamsini? Nani atasema kwa jina lake kwamba mtoto wa pwani asilipe kuiona bahari? Simtaki wa kusema "tutaangalia". Mmeangalia vya kutosha. Anzeni na dogo kama kubwa linawashinda: tangi moja, chumba kimoja, mlango usiofungwa Jumamosi baada ya chuo wala Jumapili baada ya kanisa. Na penye kibanda cha tiketi mwekeni yule mzee wa tezo na keekee, mumpe kiti, mbao na mshahara. Watoto watajua wenyewe la kumuuliza.